Uwanja Nilioulimisha

Mwanangu Dezire,

“Kama mama yake asingeulimisha ule uwanja, huyu kijana asingefika Ulaya. Shida ndiyo iliyomkomaza.” Ndivyo alivyosema jirani yetu Papa Kalisa jana sebuleni mwetu, mkono mmoja umeshika kijiti cha brosheti ya mbuzi na mwingine unanionyesha mimi, kana kwamba ananivisha nishani. Watu wakapiga makofi. Wewe ukatazama vidole vya miguu yako. Baba yako akanitazama mimi, kwa sababu anajua sentensi kama hiyo huwa haitoki salama mbele yangu. Lakini nilinyamaza. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokuwa tayari safi.

Nilinyamaza kwa sababu alikuwa ananisifu, na sifa, hata ya uongo, ina utamu wake. Leo utamu umekwisha. Wewe umeshuka Bugarama kuiaga timu na kurudisha jezi yao. Basi lako la Kigali linaondoka kesho alfajiri, na keshokutwa utakuwa Ufaransa. Mimi nimekaa kwenye meza ya kulia na rundo la karatasi za mitihani ya mwaka jana ambazo upande wa nyuma ni mweupe, na ninamjibu Papa Kalisa.

Amekosea. Anamhesabu aliyefika, hawahesabu waliobaki njiani. Mlikuwa vijana kumi na wanane mkicheza raga pale Gihundwe. Uwanja ulipolimwa mkahamia Bugarama kule bondeni, na kwenda Bugarama kila wiki kunataka nauli, kunataka jioni isiyo na kazi, kunataka mzazi wa kukufichia siri. Mlishuka saba. Bosco, nahodha wenu, ambaye wewe mwenyewe umesema alikushinda mbio na akili ya mchezo, hakushuka, maana jioni alikuwa akichota maji na kuwapikia wadogo zake. Leo anabeba mizigo mpakani. Ikiwa shida inakomaza wachezaji, Bosco alitakiwa awe Ufaransa kabla yako, kwa sababu shida anayo kuliko sisi sote. Ukimtupa mtoto ziwani akajiokoa kwa kupiga mikono, aliyemtupa haitwi mwalimu wa kuogelea.

Hoja imekwisha. Ningekuwa kwenye mjadala wa redioni ningefunga daftari hapa na kumwachia mtangazaji aweke muziki. Lakini aliyemtupa mtoto ziwani ni mimi, na hilo halifungwi pamoja na daftari.

Sitakuandikia habari za baridi, soksi, dawa ya meno na namna ya kufua jezi. Baba yako ameandika orodha ndefu, ameiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, usije ukasema hukuiona. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda nimekitumia kukugombeza, Kifaransa nimekitumia kukusahihisha, na Kiswahili cha baba yako ndicho pekee katika nyumba hii ambacho hatujawahi kukishindania.

Nimesimama, nimeenda hadi kwenye lango, nimerudi. Kila pikipiki inayopanda kutoka Kamembe nadhani ni wewe.

Unaujua ule umuganda. Lakini unaujua kutoka upande wako, na miaka mitano hatujauzungumzia, kwa hiyo nisikilize kutoka upande wangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya kazi ya pamoja. Tulimaliza kuzibua mitaro, tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano, majembe yamelala mbele yetu. Mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi huwa nina neno. Nikasimama, nikaonyesha kile kipande cha ardhi chenye mteremko ambacho ninyi mlikiita uwanja, nikasema nchi hii ni vilima, kila shubiri ya udongo ina thamani, na sisi tumewaachia vijana kipande kizima waparamiane kama madume ya ng’ombe wakigombania yai la ngozi. Nikawatajia Warumi na watumwa wao waliouana uwanjani huku watazamaji wakitafuna karanga. Habari za karanga nilizibuni palepale. Watu walicheka sana.

Bosco akasimama. Alikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa namfundisha historia. Nakumbuka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

“Maman Mwalimu, siye hatupiganake. Kuko refa, kuko sheria. Hata kuangusha muntu kuko namna yake, hapana kumukamata juu ya mabega.”

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa jibu bora kuliko hotuba yangu nzima, na mimi nilijua, kwa sababu mtu wa mabishano huwa wa kwanza kujua anaposhindwa. Hapo ndipo anapokuwa hatari zaidi. Nikamwambia: “Na sheria hiyo umeiandika katika daftari lipi, mwanangu? Maana lile la historia ninalijua, ndani hamna kitu.”

Kilima kizima kilicheka. Bosco akavaa kofia akakaa. Mikono ikanyooshwa kukubali uwanja ulimwe, nikashinda. Umuganda uliofuata tulikuja na majembe na miche ya parachichi.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuja ukasimama kando yangu na jembe lako, ukalima mstari wako kimya. Kisha nikakuona upande wa juu, unachimbua miti miwili ya mikaratusi waliyoisimamisha kuwa goli. Hukuikata. Uliizungushia shimo polepole, ukaitoa nzima, ukaiegemeza barabarani. Nikamwambia Papa Kalisa: “Mtazame mwanangu, anafanya kazi ya watu wawili.” Ulikuwa unalia, Dezire. Uso wako ulikuwa umelowa kama nyuso zetu zote siku ile ya jua, na mimi sikuwa mtu wa kutofautisha jasho na machozi.

Sikujua kwamba ulikuwa umecheza pale miezi saba. Sikujua kwamba ile miti ilishuka Bugarama siku ileile juu ya lori lililokuwa limeleta mchele. Uliniambia umejiunga na kwaya. Miaka mitatu ya kwaya, mwanangu, na sikuwahi kukusikia ukiimba hata ukioga! Mtu anayesoma magazeti matatu kwa siku, anayewaambia wanafunzi wake wahoji kila ushahidi, aliamini kwaya.

Baba yako alijua yote. Siku nilipomvaa kuhusu hilo alikuwa amekaa juu ya belo la mitumba aliyoileta kutoka ng’ambo, anapanga mashati, hakuinua hata kichwa.

“Bile biatu vya njumu, miye njo nilinunua, kule Bukavu. Nilibificha umu ndani ya mitumba.”

“Na mimi je? Mimi si mzazi?”

“Mama Dezire, mutoto atakuambia nini? Weye unamungojaka na majibu mbele ya kuuliza.”

Ninakaa na sentensi hiyo tangu siku hiyo. Nimejaribu kuivunja kutoka kila upande. Haivunjiki.

Unajua nilivyolelewa Nyakarenzo. Baba yangu alikuwa na wana wanne wa kiume na mimi, na jioni, baada ya kutoka shambani, aliwauliza wao maoni yao juu ya kila jambo, mbuzi auzwe au asiuzwe, shamba la chini lipandwe nini. Mimi nilikuwa nashika taa. Nilipoanza kujibu bila kuulizwa walinicheka, nikajifunza kujibu kwa sauti kubwa zaidi, kisha kwa akili zaidi, kisha kwa ukali, hadi siku moja meza nzima ikanyamaza nilipofungua mdomo. Nilidhani nimejenga nyumba. Kumbe nilikuwa nimejenga meza ileile ya baba yangu, na wewe ndiye uliyekuwa unashika taa.

Sasa nije kwenye Jumapili ile. Nimeikwepa kwa kurasa tatu.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulirudi jioni, ukakaa mezani hapa nilipo mimi sasa, mgongo kwa dirisha. Ukaniuliza: “Maman, leo ni siku gani?” Nikakuambia Jumapili, si ulikuwa kanisani na kwaya? Ukala kijiko cha maharage. Ukauliza tena: “Maman, leo ni siku gani?” Nikaweka sufuria chini. Mara ya tatu ulipouliza nilikuwa nimeshatoa hukumu: mwanangu amekunywa pombe. Nikaanza. Nilizungumza mpaka maharage yakaganda. Nilizungumza juu ya vijana wa Kamembe, juu ya urwagwa na pombe nyingine za ndizi, juu ya mjomba wako aliyekufa kwa ini, juu ya nchi inayowategemea vijana wake. Kila nilipovuta pumzi ulisema “Pardon, Maman.” Ulisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ileile, macho yako hayataki taa, na hata hilo halikunishtua. Nilidhani ni toba.

Usiku ulitapika nyuma ya nyumba. Baba yako alikaa nawe hadi asubuhi, akaniambia ni malaria, na mimi nilikuwa nimechoka kwa hotuba yangu mwenyewe, nikalala.

Niligundua ukweli mwaka mmoja baadaye, baada ya mwalimu mwenzangu kuniuliza kwa furaha kama nami huenda Bugarama kumtazama mwanangu akisukumana kwenye raga. Nilipanda basi siku ileile. Njia nzima niliandaa maneno. Tulipofika chini, kwenye joto lile la bonde, nilikuwa na hotuba ya kumzika kocha yeyote duniani.

Walikuwa katika shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, mabua yamekatwa, tope hadi kwenye kifundo. Wengine walikuwa wametoka kazini kwenye kiwanda cha saruji, vumbi la kijivu bado limewaganda shingoni. Ile miti yetu ya mikaratusi ilikuwa imesimama mwisho wa shamba. Nikaiona kabla sijakuona wewe. Kisha nikakuona: wanaume wanane wameinama, wameshikana kama mkeka, wanasukumana na wengine wanane, na wewe uko mstari wa mbele kabisa, katikati, mikono yako juu ya mabega ya watu wazima wawili, shingo yako imeingia kati ya shingo za wapinzani. Mnaiita skramu. Mimi nilichokiona ni shingo ya mwanangu.

Kocha Selemani alinijia akiwa amevua viatu. Ni mtu mfupi, mpole, fundi wa mitambo ya saruji, nadhani hata ndege hawamwogopi.

“Karibu, Maman Mwalimu. Tulikuwa tunakungoja tangu mwaka juzi.”

“Mlikuwa mnaningoja?”

“Kila Jumapili. Tumekuwekea na kiti.” Akaonyesha ndoo ya rangi iliyopinduliwa, imefunikwa gunia safi. Wachezaji wawili walicheka, mmoja akamwambia mwenzake, “Leo tumekwisha, na bado hatujaoga.”

Nikaanza hotuba. Nilifika kwenye neno usalama. Akasema taratibu: “Ni kweli, Maman. Hata ile siku alipoanguka kwa kichwa, ule mwezi wa mvua, nilimtoa uwanjani, nikampumzisha wiki tatu. Nikamwambia amwambie mama yake, maana mtu aliyetikisika ubongo anatakiwa kuangaliwa usiku. Nikamwambia mara mbili.”

“Mwezi wa mvua lini?”

Akanitajia. Nikahesabu. Ilikuwa Jumapili yangu ya maharage.

“Na yeye alijibu nini?”

Selemani alitazama miguu yake yenye tope. “Alisema, ‘Kocha, kwa mama yangu ukipeleka neno moja unarudishiwa mia, na lako linapotea humo katikati.’”

Nilikaa juu ya ndoo. Nilitazama mazoezi hadi mwisho. Tulirudi pamoja kwa basi, mimi na wewe na harufu ya tope, na nikakuambia kitu kimoja tu: “Wiki ijayo nitakuja na kiti changu mwenyewe.” Ulicheka. Ulidhani nimekusamehe. Mimi ndiye niliyekuwa naomba msamaha, ila lugha hiyo sikuwa nimejifunza.

Pikipiki nyingine. Siyo wewe. Chai yangu imepoa mara ya pili.

Yaliyofuata mtaa mzima unayajua, wanayasimulia vibaya kila mmoja kwa namna yake. Klabu ya Kigali ilishuka kwa mechi ya kirafiki, ikazama kwenye tope lenu, kocha wao akakuchukua wewe. Miaka miwili Kigali: unafanya mazoezi alfajiri, mchana unauza simu dukani kwa mtu, unanipigia Jumapili na kusema kila kitu kiko sawa. Nilijifunza sheria za mchezo, nikawa nasoma redioni makala za kuutetea, watu wakasema Maman Mwalimu amegeuka. Sikugeuka. Nilifanya yaleyale kwa upande mwingine. Hata katika kuutetea mchezo wako nilikuwa nazungumza mimi.

Kisha ile mechi ya mwezi uliopita, ambayo mtu wa klabu ya Ufaransa alikuja kuitazama. Baba yako aliletewa video kwenye simu. Wote waliitazama kwa furaha, wakairudia pale ulipovunja mstari na watu wawili wakikuning’inia. Mimi niliirudia sehemu nyingine. Kipindi cha pili, goti la mtu linakugonga juu ya sikio. Unaanguka, unainuka upesi mno. Refa anakuuliza kitu, unanyanyua kidole gumba. Halafu unakwenda kusimama mahali pasipo pako, na mwenzako anakushika kiuno anakuhamisha. Unatikisa kichwa. Ninakijua kichwa kile. Kiliniuliza leo ni siku gani.

Ulipokuja nyumbani nilikuuliza. Ukasema, “Niko sawa, Maman.” Nikakuuliza juu ya lile goti. Ukasema, “Goti gani?” na ukaniletea maji ya kunywa nisiyoyaomba. Mimi, ambaye sijawahi kukosa swali la pili maishani, nilikunywa maji. Niliogopa. Mkataba ulikuwa umelala mezani na jina lako limechapwa.

Mkataba huo nimeusoma mara nne, unanijua. Unasema utakuwa halali baada ya daktari wa klabu kukupima, na unasema mchezaji atamweleza daktari kila pigo la kichwa alilowahi kupata. Kila. Wiki hii utakaa mbele ya mtu mwenye koti jeupe, atakuuliza kwa Kifaransa, na wewe utakuwa na jibu la maneno mawili tayari mdomoni. Ulijifunza kwangu kwamba neno moja la kweli linaleta mia yasiyotakiwa. Ulijifunza vizuri. Hakuna nilichowahi kumfundisha mtu yeyote kikakaa kama hicho.

Ukimwambia ukweli, inawezekana wakucheleweshe. Inawezekana wakurudishe. Siwezi kukudanganya kwamba ukweli hulipwa siku zote, nimeshasema ukweli mwingi usiolipwa. Ukirudishwa utapanda basi lilelile linalopita msitu wa Nyungwe, utashuka Kamembe na begi lako, na Papa Kalisa atakuwa na sentensi mpya. Mwachie mimi. Lakini shingo na kichwa unavyo kimoja kimoja, na mimi sitaki Ulaya inayomrudisha mwanangu ananiuliza siku.

Nilimtafuta Bosco juma lililopita. Nilimkuta mpakani amekaa juu ya magunia anangoja mwenye mzigo. Akasimama aliponiona, bado ananiheshimu, jambo lililoniumiza zaidi. Nikamwambia nilikosea juu ya uwanja. Akatikisa mkono kama anafukuza nzi.

“Uwanja? Maman Mwalimu, uwanja ni udongo tu, tungepata ungine. Weye ulinicheka mbele ya bantu. Miye sikurudia kusema ku mukutano mpaka leo.”

Nikamwomba radhi kwa hilo. Akafikiri. Akasema, “Ni sawa, Maman,” kisha mwenye mzigo akafika, akaweka gunia mgongoni akaondoka. Sijui kama ni sawa. Umeona ilivyo rahisi kutamka neno hilo ukiwa na mzigo mgongoni? Hapo ndipo nilipokuelewa.

Umuganda wa mwezi huu nilisimama tena mkutanoni. Nikasema nilikosea miaka mitano iliyopita, nikaomba turudishe walau nusu ya uwanja kwa vijana. Walinipigia makofi kwa unyenyekevu wangu, halafu wakanyoosha mikono kunikatalia. Miti imeanza kuzaa, walisema. Ni kweli, imezaa, nami nimekula, maparachichi ni matamu kweli. Ndiyo mara ya kwanza nimeshindwa mbele ya kilima kizima. Nilikwenda nyumbani kwa miguu yangu, sikufa. Ninakueleza ili ujue kwamba inawezekana.

Ukiniuliza ninachojua baada ya miaka hamsini ya kubishana, ni kidogo. Kwamba aliyenyamaza mbele yako huenda hajakubali, huenda amekuhama. Kwamba nilikuwa na mtoto nyumbani akiwa amehama, na sikuona hata begi. Kwamba siku utakapokuwa na nguvu, na sasa unazo, kuna mtu mwenye kofia mikononi atasimama kukujibu, na kicheko kitakuwa tayari kooni. Kimeze.

Ninayo anwani ya klabu. Nimewahi kuandikia mawaziri, daktari wa timu hanitishi. Ningeweza leo hii kumweleza mapigo yote mawili, la Bugarama na la Kigali, kwa Kifaransa kisicho na kosa, na ungefika ukakuta mama yako amekwisha kukusemea. Nimeanza barua hiyo mara mbili, mara zote mbili nimeichana. Vipande viko hapa chini ya meza. Hayo ni yako ya kusema. Nilichofanya ni kuandika ukurasa mmoja wa mwisho ambao haukuhusu wewe, unawahusu wao watakaokupokea. Nimeukunja peke yake, hauna siri yako hata moja ndani. Utafsiri, uwape. Au usiwape, uuache ndani ya kiatu pamoja na orodha ya baba yako. Sitakuuliza.

Nasikia lango. Ni wewe, unacheka na baba yako, amesema kitu kuhusu tope lako kwenye ngazi. Nakuja.

Mama yako

*

Kwa daktari na makocha mtakaompokea Dezire:

Mimi ni mama yake. Mmepewa uzito wake, urefu wake na video zake. Kuna jambo haliko kwenye video. Amelelewa na mtu ambaye hakuwahi kungoja jibu. Kwa hiyo mkimwuliza kama ameumia atawaambia yuko sawa, na atasema kwa adabu, na atawaletea maji ya kunywa.

Msilipokee jibu hilo. Msilipokee siku ya kumpima, msilipokee siku ya mechi kubwa mnapomhitaji, hasa siku hiyo. Mwulizeni mara ya pili. Kisha fanyeni lile nililoshindwa kulifanya mimi kwa miaka ishirini: fungeni midomo yenu, mketi, mmngoje.